Ulinganisho Rasmi wa Milia na Bakteria wa Ngozi

Jumanne, tarehe 9 Juni. Asubuhi ilikuwa na ukungu na manyunyu, lakini redio ya Taifa ilikuwa imetangaza jua, kwa hiyo watu wa mji wetu walikwenda makazini wakiwa wamekunja miavuli yao kwapani. Nami niliukunja wangu. Si vizuri kubishana na Serikali kwa jambo dogo kama mvua, hasa siku ambayo mtu anakwenda kutoa ushahidi.

Naitwa Nakijwa Mshana, nina miaka hamsini na minne. Kwa miaka kumi na mmoja nimekuwa mfagiaji wa kizimba cha Milia katika Bustani ya Wanyama ya Taifa. Kwa msomaji asiyetoka nchini kwetu, Milia ndiye mnyama wa Taifa. Ana umbo la mbwa, mistari mieusi mgongoni, na mfuko tumboni wa kubebea watoto kama kangaruu. Yumo kwenye bendera, kwenye mihuri, kwenye kofia za polisi, na kwenye karatasi za chooni za Wizara. Kazi yangu ilikuwa kuingiza kilo nne za nyama kila asubuhi, kufagia, na kubadilisha majani ya kulalia. Jioni msimamizi aliondoa nyama iliyobaki. Iliyobaki ilikuwa kilo nne.

Sikuwahi kumwona Milia. Nilidhani ana haya. Wakubwa wengi hawaonekani maofisini mwao, na bado tunaambiwa wapo kazini, sasa mimi ni nani nimshuku mnyama?

Miaka mitatu iliyopita nilianza masomo ya jioni katika ukumbi wa parokia. Nilitaka nisome Zaburi kwa macho yangu mwenyewe kabla Mungu hajayafumba. Mwalimu wetu alikuwa Fungameza, kijana mwembamba wa miaka thelathini na mmoja, mwenye shati moja zuri na subira nyingi. Alituita "wazazi wangu", hata pale tulipoandika herufi kichwa chini. Jioni ile nilipoweza kusoma "Bwana ndiye mchungaji wangu" bila kusaidiwa, alitoka nje akajifanya anakohoa. Nilimwona anafuta macho.

Mwezi wa nne mwaka huu tulifika kwenye somo la viumbe. Kitabu kilikuwa kimoja kwa darasa zima, kilitoka kwa wafadhili wa mbali, na kwa sababu kilikuja ndani ya sanduku la dawa za minyoo, hakikupitia Kamati ya Vitabu. Mwalimu alikifungua kwenye ukurasa wa viumbe waliotoweka duniani. Picha ya kwanza ilikuwa mbwa mwenye mistari mgongoni na mfuko tumboni.

Mzee Lupondo, fundi baiskeli anayekaa mbele yangu, akainua mkono.

"Mwalimu, huyo si Milia?"

"Ndiye, mzee wangu."

"Na hapo chini kumeandikwa nini?"

"Kumeandikwa kwamba wa mwisho alikufa kizimbani, siku ya baridi, mlinzi alipomfungia nje ya banda lake la kulala. Imepita miaka mingi."

Mzee Lupondo akageuka kuniangalia mimi, mfagiaji. "Mama Mshana, wewe huwa unamfagilia nani?"

Watu wakacheka kidogo, halafu wakaacha.

Mwalimu akatupa zoezi: tulinganishe kiumbe mmoja aliyetoweka na mmoja aliyepo kila mahali. Ukurasa uliofuata ulikuwa na bakteria wa ngozi, kijidudu kisichoonekana kwa macho, kinachoishi juu ya kila mtu. Niliandika kwa siku nne. Nilisali kabla ya kila aya. Niliandika hivi:

"Milia anajulikana na kila mtu lakini hayupo. Bakteria wa ngozi hajulikani na mtu lakini yupo. Milia ana sanamu saba. Bakteria hana sanamu, ila yupo juu ya mikono iliyozichonga. Milia alilindwa na askari, akafa. Bakteria halindwi na mtu, ila yeye ndiye anayelinda, kwa sababu anakalia ngozi ili vijidudu vibaya vikose mahali pa kukaa. Anakula jasho. Anakaa kwa Rais na anakaa kwangu, na kwangu anapata chakula zaidi. Nimefagia kizimba cha Milia miaka kumi na mmoja na sijapata hata punje ya kinyesi. Mungu amlaze mahali pema."

Mwalimu alinipa alama kumi na saba kati ya ishirini. Tatu alizikata kwa sababu ya nukta. Maishani mwangu sijawahi kupewa kumi na saba ya kitu chochote.

Sasa nitaeleza kosa langu, maana nimekwisha kulitubu kwa Mungu na ninaweza kulisema kwa watu. Nchini kwetu kila daftari la elimu ya watu wazima hugongwa muhuri ofisi ya kata mwisho wa mwezi, ili takwimu ijulikane. Karani hasomi. Wenzangu hupeleka hata daftari tupu, nalo linahesabiwa. Mimi nilikuwa na kumi na saba. Nilimfungulia karani ukurasa, nikausogeza karibu na macho yake, nikamwambia, "Baba, soma kidogo tu hapa."

Akasoma. Akasoma tena midomo ikitembea. Akainuka akafunga dirisha.

Jioni hiyo Mwalimu Fungameza alichukuliwa akiwa na chaki mkononi.

*

Shtaka lilisomwa redioni baada ya taarifa ya michezo: kutangaza msiba wa Taifa bila kibali. Kwetu ni Ikulu peke yake inayoruhusiwa kutangaza kifo cha alama ya Taifa. Wakili mmoja aliuliza, je, kama mnyama amekufa kweli? Akajibiwa kwamba basi mwalimu ametoa siri ya Serikali. Na kama yu hai? Basi mwalimu amezusha. Adhabu ni ileile, kwa kuwa sheria zetu hazipendelei mtu. Adhabu yenyewe inaitwa mapumziko. Mtu hupelekwa kisiwani akapumzike mpaka uchovu wake uishe. Wamekwenda wengi tangu nilipokuwa msichana. Bado hajapatikana aliyemaliza kuchoka.

Lakini kilichomuudhi zaidi Mheshimiwa Limbunga, Waziri wa Alama za Taifa, si msiba. Ni Milia kuwekwa kwenye sentensi moja na kijidudu. Aliunda jopo, na baada ya siku sita jopo likatoa Ulinganisho Rasmi, ukabandikwa kwenye kila mti wa mji. Niliusoma wote mwenyewe, bila msaada, na nilijivunia kwa dakika moja kabla sijaona aibu.

Kwa upande wa sura, Milia alipewa kumi, bakteria sifuri, kwa kuwa alishindwa kujitokeza kupigwa picha. Kwa upande wa nidhamu, Milia kumi: hajawahi kuchelewa, kulalamika, kugoma wala kuomba likizo. Bakteria sifuri, kwa kuwa huzaliana bila mpango. Kwa upande wa uzalendo, Milia kumi, na bakteria akaondolewa alama tano zaidi kwa kuishi pia katika nchi jirani. Mwisho jopo lilipendekeza bakteria atangazwe mgeni asiyetakiwa.

Ndipo ikaanza Operesheni Ngozi Safi. Askari walisimama kwenye milango ya ofisi, shule na makanisa wakiwa na ndoo za maji ya dawa na brashi za kusugulia sakafu. Huingii bila kusuguliwa mpaka kwenye kiwiko. Mheshimiwa Limbunga, ili awe mfano, alisuguliwa mara tano kwa siku mbele ya kamera. Kufikia mwisho wa wiki alikuwa na vipele shingoni. Kufikia wiki ya pili viongozi wote waaminifu walikuwa na vipele, na mtu asiyejikuna alianza kutiliwa shaka.

*

Siku ya shauri, saa moja asubuhi, katibu wa Wizara alikuja kwangu. Jina lake ni Bi Pulkeria, mama mtu mzima, viatu vyake vimejaa matope ya kwetu. Nilikuwa nasali. Alingoja mlangoni mpaka nikasema amina, na kwa hilo ninamheshimu hadi leo.

"Dada yangu," alisema, "mimi sikuja kukutisha. Nimekuja kukurahisishia. Wewe ndiye shahidi pekee wa kizimba. Ukiulizwa kama umewahi kumwona Milia, sema ndiyo. Mara moja tu. Jioni, kwa mbali, amegeuka nyuma. Hatutadai zaidi."

"Na mwalimu?"

"Mnyama akionwa, basi mwalimu alikosea tu kusoma kitabu. Ataonywa, atarudi kwake leo. Waziri ameshakubali. Anataka aende hospitali kwa ajili ya hii shingo yake."

"Nikisema sikumwona?"

Bi Pulkeria alijikuna mkono. "Gari la mapumziko limeshaagizwa. Litakuwa uani, injini ikiunguruma. Meli inaondoka saa saba." Kisha akasema taratibu zaidi, "Dada, ni uongo mdogo. Hata watoto wetu tunawaambia baba kasafiri."

"Nitaapa kwa Biblia?"

"Utaapa."

"Mwalimu ndiye aliyenifundisha kuisoma, Bi Pulkeria."

"Ndiyo maana nasema ni rahisi," alijibu. "Unamwokoa aliyekufundisha."

Alipoondoka nilipiga magoti tena. Nilimwomba Mungu anionyeshe Milia. Nasema kweli, niliomba hivyo: hata ndotoni, hata mkia, ili niseme ndiyo na isiwe uongo. Nilifumba macho muda mrefu. Niliona giza la kawaida la mtu aliyefumba macho.

*

Ukumbi wa mikutano ulijaa. Tulisuguliwa mlangoni, na askari aliyenisugua aliniambia kwa sauti ndogo, "Mama, mikono yako migumu, brashi inaogopa." Ndani, darasa letu lote lilikaa benchi la nyuma, Mzee Lupondo amevaa koti la harusi yake. Uani injini ilikuwa inaunguruma kweli. Ilisikika chini ya kila neno.

Mwalimu aliletwa. Shati lake zuri lilikuwa limekosa vifungo viwili. Aliponiona alitikisa kichwa kidogo, kama alivyofanya darasani nilipoanza sentensi kwa herufi ndogo.

Kwanza aliitwa daktari wa Serikali.

"Daktari," aliuliza Waziri, ambaye ndiye aliyeendesha shauri, "baada ya operesheni yetu, bakteria huyu amebaki wapi?"

"Mheshimiwa, amebaki kwenye ngozi."

"Ya nani?"

"Ya watu wote waliomo humu."

"Hata meza kuu?"

Daktari aliangalia viatu vyake. "Meza kuu amepungua, Mheshimiwa. Ndiyo maana ya vipele. Yule tuliyemsugua ndiye aliyekuwa anazuia wengine."

Watu wa meza kuu waliacha kujikuna, wote kwa pamoja.

"Je, anaweza kufukuzwa nchini?"

"Anaweza. Ila itabidi aondoke na ngozi."

Waziri aliamuru jibu hilo lisiandikwe. Kisha akasimama akahutubia kwa dakika arobaini. Alisema Milia ni uti wa mgongo wa Taifa, ni kioo cha Taifa, ni mwamvuli wa Taifa, na kwamba taifa linalomdharau mnyama wake ni sawa na mwili unaodharau kivuli chake. Alisema mfuko wa Milia ni mkubwa na sisi sote tumo ndani yake. Mzee Lupondo akamnong'oneza jirani yake, "Kumbe ndiyo sababu ya giza hili." Benchi zima likainamisha vichwa.

Nikaitwa.

Niliweka mkono juu ya Biblia.

"Mama," alisema Waziri kwa upole, "umekitumikia kizimba cha Taifa miaka mingi. Taifa linakushukuru. Sasa waambie wananchi. Umewahi kumwona Milia?"

Nilimtazama Mwalimu. Injini uani iliongezwa moto, kisha ikatulia.

"Chukua muda wako," alisema Waziri. "Labda jioni. Labda kwa mbali."

"Mheshimiwa," nilisema, "nikisema ndiyo, mwalimu wangu anarudi nyumbani?"

Bi Pulkeria alifumba macho. Waziri alitabasamu kwa upande mmoja wa uso. "Mama, hapa hatufanyi biashara. Hapa tunatafuta ukweli. Lakini ndiyo."

"Basi naomba niseme ninachokijua mimi. Mfagiaji humjua mnyama kwa kinyesi. Mwenzangu alipougua nilimfagilia simba wiki mbili, na kabla sijamwona nilishajua kala nini na analala upande gani. Kwa Milia nimefagia majani makavu na vumbi."

"Milia ni mnyama msafi," alisema Waziri. Meza kuu ikapiga makofi.

"Nyama yake niliiingiza asubuhi, ikatoka jioni vilevile."

"Ana kiasi katika kula."

"Hata wageni waliomtembelea Ibrahimu walikula, Mheshimiwa, nao walitoka mbinguni."

Nyuma mtu alisema amina, kisha akajutia. Askari wawili wakasogea ukutani.

"Mama Mshana." Waziri hakuwa mpole tena. "Swali ni moja. Ulimwona, au hukumwona?"

Mwalimu aliinua uso. Sikuweza kusoma alichotaka niseme. Kama ningeweza, labda ningekisema, Mungu anisamehe. Niliona tu kijana ambaye anaogopa na hataki nimwone akiogopa.

"Sikumwona," nilisema. "Hata siku moja. Na yale ya kwenye daftari niliyaandika mimi kwa mkono wangu. Mwalimu alinisahihisha nukta tu."

Ukumbi haukupiga kelele. Ulifanya kitu kibaya zaidi: ulianza kufikiri. Niliwaona watu wakihesabu kwa vidole, kilo nne kwa siku, kwa miaka kumi na mmoja, na macho yao yakianza kutafuta nani mnene pale meza kuu. Waziri naye aliyaona. Alikunja karatasi zake haraka.

"Shauri linaahirishwa," alisema, "mpaka Milia atakapopatikana kutoa maelezo yake mwenyewe. Hadi siku hiyo mshtakiwa akapumzike. Katibu, funga."

Askari walimshika Mwalimu mikono, huku na huku. Injini ikaongezwa moto.

Kufunga shauri kwetu kuna maneno yake, na Bi Pulkeria alianza kuyasoma kama anavyoyasoma siku zote, haraka, sauti moja, akifungua ukurasa huku anasoma. Tunaishukuru Serikali. Tunaishukuru meza kuu. Viti virudishwe mahali pake. Je, yupo raia wa kumdhamini mshtakiwa kwa mwili wake. Hayupo. Basi kwa mamlaka niliyo—

"Subiri kidogo, Bi Pulkeria," nilisema. "Hicho kipengele, kirudie."

Alisimama na kidole chake juu ya karatasi. Kwa miaka yote kipengele kile kimesomwa, na kwa miaka yote neno "hayupo" limepigwa chapa tayari. Alimtazama Waziri. Waziri alimtazama mwanasheria wake. Mwanasheria alifunua kitabu, akafunua tena, akasema kwa sauti ya mtu aliyekuta nyoka kabatini, "Kipo, Mheshimiwa. Hakijafutwa."

Bi Pulkeria alikirudia, safari hii polepole, na kila mtu akakisikia.

"Nipo," nilisema.

"Mama Mshana, kaa chini," Mwalimu alisema. Ilikuwa mara ya kwanza nasikia sauti yake siku ile, na ilikuwa imekauka. "Tafadhali, mama. Hujui unachokifanya."

"Mwalimu wangu, hapa si darasani. Hapa wewe ndiye unayenisikiliza."

Waziri aliegemea mbele. Jasho lilikuwa linapita juu ya vipele vyake. "Unaelewa maana yake, mama? Anayedhamini kwa mwili, mwili wake ndio unaoshikiliwa. Mtu huyu akikosekana siku tutakayomtaka, unakwenda wewe. Una umri gani?"

"Hamsini na minne."

"Kisiwani kuna baridi."

"Nimesikia, Mheshimiwa."

"Na bado unataka?"

"Ni mimi niliyemfikisha hapa kwa kumi na saba yangu," nilisema. "Nisipomrudisha, nitasalije?"

Waziri aliangalia benchi la nyuma. Mzee Lupondo alikuwa amesimama na koti lake la harusi, na kandoye muuza mkaa, na mpishi wa shule, na darasa zima. Hata askari wa mlangoni alikuwa ameweka brashi chini. Waziri akainua mkono, askari wakamwachia Mwalimu, si kabisa, vidole viwili tu.

"Aape," alisema Waziri. "Kwa sauti. Watu wote washuhudie, asije akasema alilazimishwa."

Nilitaka kupiga magoti, lakini Bi Pulkeria aliniambia kwa sauti ndogo kwamba sheria inataka mtu asimame. Kwa hiyo nilisimama. Sikuweka mkono juu ya kitu chochote.

"Mimi Nakijwa Mshana, mfagiaji, mbele za Mungu aliye hai na mbele ya watu waliomo humu, naahidi hivi. Mwalimu Fungameza anarudi kwake leo. Siku mtakayomwita, atakuja. Asipokuja, msimtafute, wala msiwasumbue ndugu zake. Njooni kwangu, nyumba ya tatu nyuma ya kisima cha Misheni, mnikute nimeshafunga mzigo. Nitakwenda mahali pake, na sitauliza ni kwa muda gani. Na huko nako mkiniuliza kama nilimwona, nitawajibu hivihivi."